Herb Score Ndani, Sandy Koufax Nje: Majibu Kuhusu Kura za Jumba la Umaarufu

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni kura za Jumba la Umaarufu, yaani jumba la heshima la wachezaji bora, katika michezo ya kompyuta inayoigiza historia ya besiboli ya Marekani. Kwa msomaji asiyeifahamu michezo hiyo: unachagua mwaka wa kuanzia, tuseme 1901 au 1946, programu inapakia wanamichezo halisi wa mwaka huo, kisha ligi inaendelea mechi kwa mechi na msimu kwa msimu kwa kanuni za uwezekano, bila kulazimika kurudia yale yaliyotokea. Wanaostaafu hungoja miaka kadhaa, halafu wapiga kura walio ndani ya programu huamua nani aingie Jumbani: anayefikisha asilimia 75 ya kura huingia, na anayepata chini ya asilimia 5 jina lake huondolewa. Hapo ndipo malalamiko yanapoanzia. Nimeyachukua yote kwa uzito, kwa sababu mtu aliyeilea ligi yake kwa misimu 70 hawezi kuona jina analolipenda likifutwa kisha akaambiwa kwamba huo ni mchezo tu.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, ligi yangu ilianza mwaka 1946, na wachezaji wote ni wale waliokuwepo kweli, nao huingia ligini mwaka uleule walioanza kucheza katika historia. Juzi nilifika kwenye kura za mwaka 1976 nikapigwa na butwaa. Herb Score amechaguliwa kwa asilimia 91 katika mwaka wake wa kwanza wa kupigiwa kura, ilhali Sandy Koufax alikwisha kupata asilimia 3 miaka ya nyuma na jina lake likaondolewa kabisa. Je, programu imeharibika?
*Msomaji aliyeduwaa*

JIBU: Programu haijaharibika, ndugu yangu. Wapiga kura wako wamemhukumu Koufax aliyecheza katika ligi yako, nawe unamtetea Koufax aliyecheza Los Angeles. Hao ni watu wawili wenye jina moja.

Tuanze na Score. Mwaka 1955, alipoanza kuirushia mpira timu ya Cleveland, aliwang'oa wapigaji 245 kwa straiki tatu na kutunukiwa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake. Mwaka uliofuata alishinda mechi 20 na kuwang'oa wapigaji 263, naye hakuwa hata ametimiza miaka 24. Tarehe 7 Mei 1957, Gil McDougald wa Yankees aliupiga mpira wa Score, nao ukarudi moja kwa moja kama risasi na kumgonga usoni karibu na jicho la kulia. Hakucheza tena msimu ule. Mwaka 1958 aliumia kiwiko, na yeye mwenyewe alishikilia kwamba kilichommaliza ni kiwiko hicho wala si jicho. Aliacha kucheza mwaka 1962 akiwa na ushindi wa mechi 55 tu maishani mwake.

Programu inayompokea kijana huyo mwaka 1955 inakiona kipaji chake, lakini haijui lolote kuhusu mpira wa McDougald. Majeraha hupangwa upya kwa bahati nasibu, na katika ligi yako bahati ilimwangukia mtu mwingine. Score wako alirusha mpira kwa miaka 15 au zaidi kwa kipaji kilekile ambacho mashabiki wa Cleveland walikiona kwa misimu miwili, kwa hiyo asilimia 91 si nyingi. Binafsi ningempigia kura.

Habari ya Koufax ni nzito zaidi, maana inaonyesha jinsi umaarufu unavyoweza kuning'inia kwenye uzi mwembamba. Alisajiliwa na Brooklyn, timu iliyohamia Los Angeles baadaye, mwishoni mwa mwaka 1954, na kwa kuwa malipo yake ya usajili yalivuka kiwango kilichowekwa, kanuni ya wakati ule iliilazimisha timu imweke kwenye kikosi kikubwa kwa misimu miwili badala ya kumpeleka kwenye ligi ndogo akajifunze kazi. Katika misimu yake sita ya mwanzo alishinda mechi 36 na kupoteza 40. Kisha, katika mazoezi ya mwanzoni mwa 1961, mdakaji wake Norm Sherry alimshauri apunguze nguvu ya kurusha ili aweze kuuelekeza mpira anakotaka. Kuanzia msimu huo hadi alipostaafu mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 30, kiwiko kikiwa kimeharibiwa na baridi yabisi, alishinda mechi 129 na kupoteza 47. Mwaka 1972 alichaguliwa kuingia Jumbani akiwa na miaka 36, na hakuna aliyechaguliwa akiwa kijana kuliko yeye.

Sasa jiulize programu ingefanyaje. Ina kijana mwenye mkono wa ajabu asiyejua mpira wake utaangukia wapi. Meneja wa kompyuta anaona hasara, anamshusha ligi ndogo au anamwacha aende zake, na ndani ya programu hakuna Norm Sherry. Inawezekana kabisa kwamba Koufax wako alipata nafasi ya kweli akiwa na miaka 27, akang'ara misimu mitatu, kiwiko kikamsaliti, naye akaondoka na ushindi usiofika mia moja. Mrushaji wa namna hiyo katika historia halisi angepata asilimia 3 hiyohiyo, kama angepata hata hiyo.

Hapa kuna jambo moja la kukagua. Michezo mingi ya aina hii hukupa njia mbili za kuendesha historia. Katika njia ya kwanza, uwezo wa kila mchezaji hurekebishwa kila mwaka kulingana na takwimu zake halisi, kwa hiyo Koufax atachipuka mwaka 1961 hata kama ligi yako imekwenda upande mwingine kabisa. Katika njia ya pili, programu humpokea mchezaji na kipaji chake cha mwanzo, kisha humwachia akue au adumae kwa bahati yake. Barua yako inanionyesha kwamba umechagua njia ya pili, pengine bila kujua. Si kosa, mimi mwenyewe siitumii nyingine, kwa sababu napenda kutojua kitakachotokea kesho. Ila anayeichagua njia hiyo amekubali kwamba baadhi ya majina makubwa yatafifia na mengine yasiyojulikana yatawaka.

Nina desturi ambayo huenda ikakusaidia. Kura inaponishtua, hufungua ukurasa wa mgombea na kulifunika jina lake kwa kipande cha karatasi juu ya kioo cha kompyuta, nikabaki na mistari ya takwimu tu: misimu, mechi alizoshinda, wastani wa mikimbio aliyoruhusu, tuzo. Naipitia mistari hiyo mmoja mmoja kutoka juu hadi chini, kisha najiuliza kama ningempigia kura mtu huyu nisiyemjua. Mara nyingi jibu langu na la programu huwa moja, na kumbe mshtuko wote ulitokana na lile jina chini ya karatasi.

Pale majibu yanapotofautiana, kumbuka kwamba waandishi halisi wa habari za besiboli, ambao ndio wapiga kura wa Jumba la kweli, nao huteleza. Lou Whitaker wa Detroit alilinda besi ya pili kwa miaka 19, akapata mipigo safi 2,369 na homurani 244, yaani mipigo inayomrudisha mpigaji nyumbani kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2001, mara ya kwanza jina lake lilipowekwa mbele ya wapiga kura, alipata kura 15, ambazo ni asilimia 2.9, akaondolewa kwenye karatasi ya kura siku ileile. Kama programu ingefanya hivyo kwa mchezaji wa aina yake, ningepokea barua kumi za kuilalamikia.

SWALI: Mimi nilianza ligi mwaka 1901 na kuruhusu kura za kwanza mwaka 1936. Cy Young hakuchaguliwa! Tangu hapo imepita miaka minne mfululizo bila mtu yeyote kufikisha asilimia 75, ingawa karatasi imejaa vigogo watupu. Nimekosea wapi?
*Msomaji anayesubiri sherehe*

JIBU: Kuhusu Cy Young, ligi yako imeiga historia bila kukusudia. Katika kura halisi za kwanza za mwaka 1936 walipiga kura waandishi 226. Ty Cobb alipata 222, Babe Ruth na Honus Wagner 215 kila mmoja, Christy Mathewson 205 na Walter Johnson 189. Young, mwenye ushindi wa mechi 511, idadi ambayo hakuna aliyeikaribia, alipata kura 111 tu, yaani chini ya nusu. Sababu ilikuwa ya kiutaratibu. Kulikuwa na makundi mawili ya wapiga kura, moja la wachezaji wa karne ya 20 na jingine la wazee wa karne ya 19, naye alicheza kuanzia 1890 hadi 1911, akaangukia katikati na kura zake zikagawanyika. Mwaka 1937 alipita kwa asilimia 76.1.

Katika ligi yako kizuizi ni kingine, nacho ni msongamano. Kanuni ya kweli, ambayo programu nyingi huifuata, humruhusu mpiga kura kuandika majina yasiyozidi 10. Chukua wapiga kura 100: wakijaza nafasi zote watakuwa wameandika majina 1,000, na kila anayechaguliwa anahitaji 75 kati ya hayo. Hata kwa hesabu ya ukarimu kabisa hawawezi kupita zaidi ya watu 13 kwa mwaka. Lakini ikiwa vigogo 25 wanafanana kwa ubora na kura zikagawanywa sawasawa, kila mmoja atapata 40 na hakuna hata mmoja atakayepita. Kadiri karatasi inavyojaa watu wanaostahili ndivyo inavyokuwa vigumu kwa yeyote kati yao kuchaguliwa. Wewe umekusanya misimu 35 ya wastaafu, ukawamwaga mezani siku moja.

Hilo nalo limewahi kutokea kweli. Mwaka 1945 waandishi hawakumchagua mtu. Frank Chance ndiye aliyekaribia, kwa asilimia 72.5. Mwaka 1946 vilevile hawakumchagua mtu. Waliokuja kuizibua njia ni kamati ya wazee wa mchezo, iliyowaingiza watu 10 mwaka 1945 na wengine 11 mwaka 1946, na hadi leo wapenzi wa historia wanabishana kama wote walistahili. Joe DiMaggio mwenyewe hakuchaguliwa mwaka 1953 wala 1954, akapita 1955. Mwaka 2013 karatasi ilikuwa imejaa hadi pomoni na hakuna aliyepita, na mwaka 2014 Craig Biggio alikosa kwa kura mbili tu.

Usiishushe asilimia 75. Ukishaigusa hiyo, Jumba lako halitakuwa na uzito uleule tena, na vizazi vijavyo vya ligi yako vitaingia kwa mlango mpana. Fanya mambo mawili mengine. Kwanza, rudi nyuma kama una nakala iliyohifadhiwa, na uingize kundi la waasisi kwa mkono wako kabla ya kura ya kwanza, wachezaji kati ya 10 na 15 ambao hakuna mwenye akili timamu atakayewabishia. Pili, kwa miaka kumi ya mwanzo zima kile kipengele kinachomwondoa mgombea anayepata chini ya asilimia 5. Kanuni hiyo haikuwepo kabisa katika kura za miaka ya 1930 na 1940, na kwenye msongamano huwafuta watu wazuri ambao kosa lao ni kustaafu mwaka mmoja na miamba.

SWALI: Ni kawaida kwa mchezaji kupata kura zote? Katika ligi yangu imetokea mara saba.
*Msomaji mwenye haraka*

JIBU: Katika historia halisi imetokea mara moja tu, kwa Mariano Rivera mwaka 2019, kura 425 kati ya 425. Derek Jeter alikosa moja mwaka 2020, Ichiro Suzuki alikosa moja mwaka 2025, na waandishi 11 hawakuliandika jina la Babe Ruth mwaka 1936. Binadamu huwa na kinyongo, msimamo, au mkakati wa kumsaidia mgombea mwingine anayehitaji kura. Wapiga kura wa programu hawana hayo. Mgombea akishavuka kiwango fulani, wote humwona vilevile. Soma asilimia 100 ya ligi yako kama asilimia 97 ya dunia hii, na utalala usingizi.

SWALI: Ndugu mhariri, katika ligi yangu niliondoa ubaguzi wa rangi tangu mwaka 1920. Josh Gibson na Satchel Paige walicheza ligi kuu tangu ujana wao, na wote wawili waliingia Jumbani mara moja. Lakini wapo wazungu wanne au watano ambao katika historia wamo Jumbani na kwangu hawakupata hata asilimia 30. Rafiki yangu anasema nimeiharibu historia. Unasemaje?
*Msomaji aliyefungua mlango*

JIBU: Mwambie rafiki yako kwamba iliyoharibiwa ni ile historia ya kwanza. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu hakuna matumizi ya michezo hii ninayoyathamini kuliko haya.

Gibson, mdakaji ambaye wengi walimwita mpigaji mwenye nguvu kuliko wote, alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35. Jackie Robinson, mchezaji Mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya 20, aliingia uwanjani na Brooklyn tarehe 15 Aprili mwaka huohuo, yaani miezi mitatu haikutimia. Paige aliruhusiwa kuingia ligi kuu Julai 1948, akiwa na umri wa miaka 42, baada ya kuwa amerusha mpira kwa zaidi ya miaka 20 mbele ya watu wake, hasa katika ligi za Weusi, yaani ligi za wachezaji waliofungiwa nje ya ligi kuu kwa rangi yao. Ted Williams, alipoingizwa Jumbani mwaka 1966, aliitumia hotuba yake kuomba kwamba siku moja wachezaji kama Paige na Gibson waingizwe pia. Mwaka 1971 Paige alichaguliwa, na hata hapo tangazo la kwanza lilisema kwamba angewekwa katika sehemu ya pembeni pamoja na wenzake wa ligi za Weusi. Watu walikataa, na kabla ya sherehe uamuzi ukabadilishwa. Gibson aliingia mwaka 1972, miaka 25 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo wale wazungu wanne au watano waliopungukiwa kura katika ligi yako hawakudhulumiwa. Katika historia takwimu zao zilipatikana kwenye ligi iliyowafungia nje wapinzani wenye uwezo mkubwa. Ukiwarudisha wapinzani hao, mpigaji mwenye wastani wa mipigo safi wa 0.315 anaweza kushuka hadi 0.298, nafasi yake katika kikosi cha nyota ikachukuliwa, tuzo mbili zikaenda kwingine, na hapo wapiga kura hawana cha kushika. Nafasi za Jumbani hazikupungua; wagombea ndio walioongezeka.

Tahadhari yangu ni moja, nayo inahusu takwimu. Misimu ya ligi za Weusi ilikuwa na mechi chache rasmi zilizohifadhiwa, na kwenye mechi chache namba hupanda na kushuka kwa kasi. Tangu Mei 2024 takwimu hizo zimeunganishwa na za ligi kuu, na sasa Gibson ndiye mwenye wastani mkubwa kuliko wote maishani, 0.372, akimpita Ty Cobb. Wastani wake wa mwaka 1943 ni 0.466. Programu ikiuchukua msimu kama huo na kuutandaza juu ya mechi 154 bila kuupunguza, utapata mtu asiyeweza kuwepo. Angalia kama hifadhidata yako inafanya marekebisho hayo. Ikiwa Gibson wako alipiga 0.340 na homurani zaidi ya 500, tulia, maana hicho ni kipimo ambacho wengi waliomwona wangekikubali.

SWALI: Kwa nini Hal Newhouser, aliyetawala miaka ya 1944 na 1945, amekosa kura kabisa katika ligi yangu, wakati Ted Williams ana homurani zaidi ya 650?
*Msomaji wa zama za vita*

JIBU: Kwa sababu ligi yako haikuwa na vita. Williams halisi alikosa misimu mitatu mizima, 1943 hadi 1945, kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na karibu misimu yote miwili ya 1952 na 1953 akiwa rubani wa kijeshi huko Korea, lakini bado aliacha mchezo na homurani 521. Mrudishie miaka hiyo, uone mwenyewe.

Newhouser alibaki nyumbani kwa sababu ya hitilafu ya moyo. Alishinda mechi 29 mwaka 1944 na 25 mwaka 1945, na miaka yote miwili akawa mchezaji bora wa ligi yake, lakini mbele yake hawakuwepo Williams, DiMaggio wala wengi wa rika lao. Kwako walikuwepo, nao hawakumhurumia. Nitamtetea kidogo, kwa kuwa mwaka 1946, vita vilipokwisha na mabingwa wakarudi, alishinda mechi 26. Waandishi halisi walimkatalia pia. Kamati ndiyo iliyomwingiza, mwaka 1992.

SWALI: Barry Bonds, Roger Clemens na Pete Rose wote wamepita mara ya kwanza katika ligi yangu. Je, niwazuie?
*Msomaji mwenye mashaka*

JIBU: Programu inahesabu homurani 762 za Bonds, ushindi wa mechi 354 wa Clemens na mipigo safi 4,256 ya Rose, basi. Kanuni halisi humtaka mwandishi apime pia uadilifu, uanamichezo na tabia ya mgombea, na kipengele hicho ndicho kilichowakwamisha Bonds na Clemens. Katika mwaka wao wa kumi na wa mwisho, 2022, walipata asilimia 66.0 na 65.2, kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Rose hakufika hata kwenye karatasi. Alifungiwa maisha mwaka 1989 kwa kucheza kamari juu ya mechi, na mwaka 1991 Jumba likaamua kwamba aliyefungiwa hawezi kupigiwa kura. Alifariki Septemba 2024, na Mei 2025 akaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa.

Je, uwazuie? Kwa maoni yangu, hapana. Rose wa ligi yako hajaweka dau lolote, na Bonds wako hajatuhumiwa na mtu. Kumwadhibu mtu wa kuigizwa kwa kosa alilofanya mwenzake wa damu na nyama ni dhuluma, hata kama mwenye kudhulumiwa ni safu ya namba kwenye diski.

SWALI: Ni halali kubadilisha matokeo ya kura kwa mkono pale ninapoona programu imekosea waziwazi?
*Msomaji mwenye kidole kwenye kitufe*

JIBU: Kidole kiondoe kwanza. Niliwahi kufanya hivyo usiku wa manane, dakika chache baada ya kura, nikamwingiza mlinzi mmoja wa besi ya tatu niliyempenda sana tangu alipokuwa kwenye ligi ndogo. Wiki mbili baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimewaacha nje walinzi wengine wawili wa nafasi hiyohiyo waliomzidi kwa kila kipimo. Nilimwona kwenye orodha kila siku na kila siku nikajisikia vibaya.

Ulimwengu halisi una njia ya kusahihisha, lakini ni ya polepole, na upolepole huo una faida. Kamati ya watu 16 hukutana, na anayepata kura 12 huingia. Kupitia njia hiyo alipita Ron Santo, ambaye mwaka 1980 alipata chini ya asilimia 4 na kuondolewa, akarudishwa kwenye karatasi mwaka 1985, akamaliza miaka yake bila kufanikiwa, akafariki Desemba 2010, kisha akachaguliwa Desemba 2011 kwa kura 15. Ucheleweshaji wa Santo ulikuwa wa kikatili na sikuombei uuige. Lakini kwa njia hiyohiyo, Desemba 2018, alipita Harold Baines kwa kura 12 kamili, ingawa waandishi hawakuwahi kumpa hata asilimia 7, na uchaguzi huo ulizua manung'uniko ambayo hayajaisha. Kamati nayo hukosea, ila haikosei kwa hasira ya usiku mmoja.

Basi jiwekee kamati yako. Daftari la kawaida linatosha: kila unapoona kura iliyokukera, andika jina la mgombea, mwaka na asilimia aliyopata, kisha funga daftari na uendelee na msimu. Ikifika miaka kumi ya ligi, fungua ukurasa huo, mlinganishe kila mmoja na wote wa nafasi yake waliokwisha kuingia, na usiingize zaidi ya wawili. Mimi nikilifungua daftari langu baada ya muda huo, karibu nusu ya majina siwezi tena kukumbuka kwa nini yalinikera. Yale yaliyobaki nayapeleka mbele ya kamati.